Miraba Kumi kwenye Masizi

Kitu cha kwanza alichokiona Vestina kilikuwa vumbi jeupe, laini kama unga uliochekechwa, kwenye ukingo wa diski namba nne. Aliligusa kwa kidole. Halikupeperuka. Lilinata.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya Aprili 1996, na mvua ilikuwa haijakatika Kituntu kwa siku kumi na moja. Alinusa kidole. Kilinuka kama maharage yaliyofungiwa kwenye gunia kabla hayajakauka. Akafunika kisanduku, akamaliza kupiga deki, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Yeye alikuwa binti wa usafi, shule aliiachia darasa la tano, na hakuna aliyewahi kumwuliza jambo lolote kuhusu kompyuta.

Jumatatu iliyofuata diski zote kumi zilikuwa zimekufa.

Aliyezikuta ni Theoneste, karani wa kompyuta. Alitia ya kwanza, mashine ikakoroma, maandishi yakatokea kwamba haisomeki. Akatia ya pili. Alipofika ya kumi alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Shirika lilikuwa dogo, la kutafuta ndugu waliopotezana njiani wakikimbia Rwanda mwaka 1994, na ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga kando ya barabara iendayo kambini. Kompyuta ilikuwa ya msaada, imeshachoka katika ofisi nyingine kabla ya kufika Karagwe. Diski zake zilikuwa za zamani, zile pana na laini, zinazopinda ukizishika vibaya. Ndani yake mlikuwa na watoto mia tatu na kumi na wawili: jina la kila mmoja, umri wa kukisia, alama mwilini, kambi aliyopo, na maneno aliyoyasema siku ya kwanza alipookotwa. Fomu zao za karatasi zililiwa na mchwa mwezi Januari. Mkuu wa ofisi, Bwana Egbert, alisema siku ile kwamba haidhuru, diski hailiwi na mchwa.

Ijumaa ya wiki hiyo lori lilikuwa lije kuchukua watoto arobaini ambao mama zao walikuwa wameonekana katika kambi za Ngara. Bila diski zile hakuna aliyejua mtoto yupi ni wa mama yupi.

Inspekta Kaijage wa idara ya upelelezi alifika kutoka Kayanga saa nane mchana, matope mpaka magotini, akiwa na Konstebo Shabani nyuma ya pikipiki. Kaijage alikuwa mtu mfupi, mzaliwa wa Karagwe, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake aone aibu na kusema zaidi. Shabani alikuwa mtu wa Pangani. Mwaka wa pili sasa alikuwa akilalamikia baridi.

Bwana Egbert hakuhitaji kunyamaziwa. Alieleza yote akiwa bado mlangoni. Kwamba ni hujuma. Kwamba diski kumi haziwezi kuugua siku moja. Kwamba karani wake ni mkimbizi, na kambini wapo wasiotaka watoto fulani waonekane, kwa sababu mtoto akionekana husema aliyoyaona. Halafu akaonyesha mfuko wa Theoneste, chini ya meza ya kompyuta.

Ndani mlikuwa na bisibisi, waya, na sumaku nzito ya mviringo.

Shabani aliigusisha kwenye bizimu ya mkanda wake, ikang'ang'ania. "Afande, hii inaweza kunichukua na mimi," alisema.

"Ya nini?" Kaijage alimwuliza Theoneste.

"Ya spika ya redio. Jumapili natengeneza redio za watu."

"Unajua sumaku inafanya nini kwenye diski?"

"Inafuta. Najua kuliko wote hapa, Afande. Ndiyo maana mfuko wangu hauingii chumba kile. Huwa naning'iniza nje, kwenye msumari."

"Nani amewahi kuuona hapo nje?"

Theoneste alitazama huku na huku. Bwana Egbert alisema yeye hajawahi kuangalia misumari. Vestina alikuwa mlangoni, ameshika ndoo. Aliangalia maji.

Nje, wanawake walikuwa wameanza kukusanyika kwenye uzio. Habari ilikwishafika kambini, nayo ilifika ikiwa na jina. Kaijage aliwasikia wakilitaja, akaona mmoja ameshika jiwe bila hata kujua ameshika. Akamfunga Theoneste pingu. Baadaye alimwambia Shabani kwamba alifanya vile nusu kwa ajili ya sheria na nusu kwa ajili ya lile jiwe.

"Ijumaa asubuhi unapelekwa Bukoba," alimwambia Theoneste kituoni, baada ya kumwandika maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa. "Kesi ya hujuma, na wewe ni mkimbizi. Unaelewa wanaweza kuamua nini?"

"Kunivusha mpaka."

"Una mtu upande ule?"

"Walionijua upande ule, Afande, ndio niliowakimbia."

Jumanne nzima Kaijage aliuliza maswali. Funguo za ofisi zilikuwa mbili: ya Bwana Egbert, na ya binti wa usafi anayefungua asubuhi. Ijumaa jioni diski zilifanya kazi. Watu watatu walishuhudia. Jumamosi na Jumapili ofisi ilifungwa. Theoneste alikuwa kanisani, kisha kwa watu wenye redio mbovu, na kila mwenye redio alithibitisha. Dirisha halikuguswa. Kufuli halikuguswa.

Alimhoji Vestina pia. Binti huyu alikaa pembeni ya kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Jumatatu ulifungua saa ngapi?"

"Saa moja, Afande."

"Kisanduku kilikuwa mahali pake?"

"Ndiyo."

"Uliona chochote?"

Alifunua mdomo. Akaufumba. "Hapana, Afande."

Kaijage alinyamaza, kama kawaida yake. Lakini Vestina alikuwa amezoea kimya kuliko yeye. Inspekta ndiye aliyeinuka kwanza.

Jumatano asubuhi Theoneste aliomba kuonyeshwa diski. Alisema hakupata nafasi ya kuzitazama vizuri. Alikamatwa kabla hajamaliza kushangaa. Shabani alileta kisanduku, kimefungwa kwa kamba na lebo ya kielelezo. Theoneste, pingu mikononi, aliinua diski moja mbele ya dirisha.

"Sumaku haiachi alama, Afande. Ukiifuta kwa sumaku inabaki nzuri, bapa, kama mpya. Tazama hii."

Ukingo wa diski ulikuwa umejikunja kidogo, kama ukili wa kikapu kilichosahauliwa juani.

"Joto," alisema Theoneste. "Halafu inuse."

Kaijage aliinusa. Aliirudisha puani mara ya pili, na safari hii alifumba macho. Shabani alidhani mkuu wake anaumwa.

Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa ya nyumba ya bibi yake: moshi wa kuni mbichi na majani makavu ya migomba, na juu ya meko kile kichanja cha matete ambapo mbegu za maharage zilikaa kutoka mavuno hadi kupanda, ili unyevu usizioze na wadudu wasizitoboe. Mahali pale mtoto hakuruhusiwa kugusa. Chakula kilikaa popote, lakini mbegu ilikaa juu ya moto, kwa sababu mbegu ikiharibika nyumba imekwisha.

"Shabani," alisema, "kwenu Pangani mbegu mnahifadhi wapi?"

"Dukani, Afande. Kwa Mhindi."

"Basi kesi hii usingeiweza."

Nyumba ya akina Vestina, mwenye ufunguo wa pili, ilikuwa nusu saa kwa miguu, katikati ya migomba. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda zamani, kabla hajazaliwa, wakalima mashamba ya watu mpaka wakapata lao. Baba alikwishafariki. Mama yake, Therese, alikuwa akipukuchua mahindi kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umenyeshewa, ingia jikoni uote moto."

Hivyo ndivyo Kaijage alivyopata ruhusa ya kuingia jikoni. Kwa heshima, alitoa hati ya upekuzi mfukoni na kumsomea. Therese alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama atakunywa uji.

Kichanja kilikuwa juu ya meko, cheusi tititi. Kulikuwa na vifurushi vya mbegu vilivyofungwa kwa majani ya migomba, na kando yake mkeka mdogo. Kaijage alipanda juu ya kinu, akamulika kwa tochi.

Masizi yalikuwa yameufunika mkeka wote, isipokuwa sehemu kumi. Mahali pale palikuwa peupe zaidi, pamepangwa safu mbili, tano tano, kila pembe imenyooka. Alichukua diski moja kutoka kwenye kielelezo, akaiweka juu ya mraba wa kwanza. Ikatoshea.

"Mama," aliuliza taratibu, "nani aliweka vitu hapa mwisho wa wiki?"

"Binti yangu. Alisema ni mbegu za ofisi ndani ya bahasha zake, zimeshika ukungu. Nikamwambia aziweke mbali kidogo na katikati, zisiungue. Nilizigeuza mwenyewe mara mbili. Zimeota?"

Kaijage alishuka kwenye kinu. Vestina alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amewafuata kutoka ofisini kwa mbali, mvuani, bila mwavuli, na kanga yake ilikuwa imemganda mwilini.

Hakusubiri aulizwe.

"Ni mimi, Afande. Jumamosi."

"Kwa nini?"

Alisema kwa sauti ndogo hata Shabani alilazimika kusogea. Alisema kwamba mwezi Februari, Theoneste alipokuwa akisoma diski namba sita, alitaja kwa sauti jina lililotokea kwenye skrini: Anonciata, miaka kama mitano, kovu la moto mkono wa kushoto. Lilikuwa jina la mtoto wa mdogo wake Therese, na kovu lilikuwa lake. Theoneste alimwita Vestina aje aone. Kabla maandishi hayajafika kwenye mstari wa kambi, mashine ikakataa. Alijaribu wiki nzima, diski ikafunguka mara moja moja tu, na kila mara ikagoma palepale. Jina limetokea, kambi haikutokea.

Tangu siku hiyo mama yake alimwuliza kila jioni: ile diski inaendeleaje? Kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Nilipoona ukungu," alisema Vestina, "nikaona tutampoteza mara ya pili. Hapa kitu kikishika ukungu tunakiweka juu ya moto. Sikujua kingine. Nilichukua zote kumi, maana ukungu unaambukiza. Jumatatu asubuhi nikazirudisha. Zilikuwa zimekauka vizuri, Afande. Nilifurahi."

Therese aliacha mahindi. Sasa alikuwa ameelewa kwamba mbegu zile zilikuwa diski, kwamba hazikuota, na kwamba alizigeuza kwa mikono yake.

Kaijage aliandika maelezo ya Vestina akiwa amekaa juu ya kinu kilekile. Alipofika mahali pa nia ya mkosaji, kalamu ilisimama muda mrefu. Hatimaye aliandika: kuokoa. Halafu akafunga daftari, kwa sababu swali moja lilikuwa bado linamsumbua, na halikuwa la jikoni.

Saa tisa alikuwa mbele ya meza ya Bwana Egbert.

"Ripoti yako ya Machi inasema kila diski ina nakala."

"Ndiyo."

"Ziko wapi?"

"Bukoba."

"Nimepiga simu Bukoba."

Bwana Egbert alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kaijage alikwenda kwenye kabati na kumwomba afungue. Chini ya marobota ya bahasha palikuwa na pakiti ya diski mpya kumi, bado ndani ya nailoni. Pembeni, utepe mpya wa mashine ya kuchapia, nao ndani ya nailoni yake. Na barua tatu za mkono, za Theoneste, akiomba vyote viwili. Ya Februari ilisema: *Diski hizi ni kuukuu. Namba sita imekataa mara mbili. Naomba tunakili zote kabla ya masika, au tuchape kwenye karatasi.*

"Kwa nini hukumpa?"

"Nilikuwa navitunza. Huku vitu vipya havipatikani. Nilisema, tukivitumia leo, siku ya shida tutafanyaje?"

"Siku ya shida ilifika Jumatatu."

"Ndiyo."

"Ukamtaja Theoneste."

"Ripoti nilikwisha kuipeleka. Kama diski zimekufa zenyewe, wataniuliza nakala. Kama zimeuawa, wataniuliza aliyeua." Aliinamisha kichwa. "Mfuko wake kwenye msumari niliuona kila siku. Niliuingiza ndani mimi mwenyewe, Jumatatu, kabla hujafika."

Shabani alichomoa karatasi nyingine ya maelezo ya onyo na kuiweka mezani.

Theoneste alifunguliwa jioni ileile. Alikataa kupumzika. Alisema kama joto halikuzidi, maandishi bado yamo. Kilichoharibika ni jaketi, yaani ganda la nje, na kinachozuia ni uchafu wa juu. Alhamisi alfajiri aliomba wembe, beseni, maji ya mvua, sabuni ya kipande na pakiti ile mpya. Alikata ukingo wa kila jaketi lililopinda na kutoa kilichokuwa ndani: duara jembamba la rangi ya kahawia, jepesi kuliko jani. Aliliosha kwa ncha za vidole. Ukungu na masizi vilielea pamoja juu ya maji.

"Shika hapa," alimwambia Vestina. "Kwenye ukingo. Usiguse uso wake."

Vestina alishika. Walikausha kwa kitambaa cha pamba, wakalaza chini ya vitabu vizito kwa saa moja, kisha Theoneste akaliingiza kila duara katika jaketi jipya lililokatwa na kutia kwenye mashine.

Namba moja ilikoroma, ikanyamaza, ikafunguka.

Wanawake kwenye uzio hawakushangilia. Waliketi chini, mmoja baada ya mwingine, kama waliochoka ghafla. Mchana kutwa, kila diski ilipofunguka, mashine ya kuchapia ililia kwa utepe wake mpya, karatasi zikatoka, na Shabani akazipeleka kwao akisoma majina kwa matamshi ya Pangani, wakimsahihisha.

Nane zilifunguka. Namba tisa haikufunguka. Namba sita haikufunguka.

Theoneste aliijaribu mpaka saa kumi na mbili. Aliiosha tena, akaigeuza, akaipumzisha, akaijaribu. Kisha akamwita Therese, akamwekea kiti.

"Mama, hii ilikuwa imekufa kabla ya meko yako. Ilianza Februari. Moto wenu haukuiua. Huenda hata ulisimamisha ukungu usizile nyingine."

Therese alimshukuru. Aliuliza kama anaweza kupewa diski ile, maadamu haina kazi tena. Kaijage alisema ni kielelezo. Halafu akasema kesi ikiisha ataileta mwenyewe.

Ijumaa lori lilikuja saa nne. Watoto arobaini walipanda, kila mmoja na karatasi yake imebanwa kifuani kwa pini. Bwana Egbert alikuwa amekwishaondoka kwa gari la polisi, kwa shitaka la kutoa taarifa za uongo. Faili la Vestina Kaijage alilipeleka kwa mkubwa wake akiwa ameandika juu kwamba hapakuwa na nia mbaya, na kwamba kama kuna wa kushitakiwa kwa ujinga wa kutojua diski, aanze na yeye. Watoto wa namba sita na tisa, sitini na wawili, wangetafutwa upya, kambi kwa kambi, na kuulizwa tena. Baadhi yao kwa muda wa miaka miwili walikuwa wamesahau jina la kijiji. Wengine walikuwa wamesahau jina lao.

Lori lilipopotea kwenye kona, Theoneste alibaki kibarazani. Mkono wake ulikuwa ukisugua kifundo cha mkono wa pili, pale pingu zilipokuwa.

Vestina alitoka na ndoo. Alisimama. Alipita, akarudi, akasimama tena.

"Kaka Theoneste."

"Naam, dada."

"Jumatatu, walipokufunga, nilikuwa mlangoni."

"Nilikuona. Uliogopa. Yamekwisha."

"Sikuogopa tu." Aliweka ndoo chini. Maneno yalikuwa yamekaa kifuani mwake siku tano, na yalitoka moja moja, wazi, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia. "Msumari wa mfuko wako niliujua. Na diski nilijua ni mimi, nilijua palepale uliposema hazisomeki. Nikakutazama. Nikasema moyoni, afadhali yeye. Yeye hana mama hapa wa kumlilia."